Baba Alirudi Kuposa

Wenzangu wa Buyenzi, tangu nirudi hamnipi nafasi ya kushona. Kila anayekuja kuchukua nguo yake anakaa, anaomba chai, kisha anasema, "Zaituni, hebu tuambie vizuri." Nimesimulia mpaka koo limekauka, na nasikia huko barabara ya pili mmekwisha kuongeza chui ambaye mimi sikumwona. Basi naandika mara moja tu. Anayejua kusoma asome, asiyejua asomewe, nami mniache nimalize magauni ya watu. Mambo ya ruhusa na mihuri nitayaruka. Yalinichosha wakati ule, sitaki yanichoshe mara ya pili.

Usumbura, siku za bendera mpya

Kwa wale mliohamia mtaani juzi, baba yangu Ramazani alikuwa fundi wa mitumbwi kule Rumonge, ufukweni mwa ziwa. Mimi nilikuwa nimekwisha olewa huku mjini wakati wakubwa wa Kibelgiji walipoleta amri ya kupanda michikichi kwa mistari iliyonyooka. Mstari mmoja ukapita juu ya makaburi yetu. Baba akaenda asubuhi akang'oa miche yote ya mstari ule, akaipanga kando ya njia, akafunika mizizi kwa majani mabichi isikauke, kisha akaenda kukaa mbele ya ofisi akingoja kukamatwa. Ndivyo alivyo. Hata kosa lake alilifanya kwa usafi. Wakamhamisha kwa nguvu, wakampeleka mashariki kabisa, Cankuzo, mahali ambapo mtu akisema neno ziwa wenyeji wanafikiri alitaka kusema maziwa ya ng'ombe, akakosea.

Baada ya miaka kadhaa mchuuzi mmoja wa ngozi alituletea habari kwamba homa mbaya ilipita kule, na kwamba yule mzee wa ziwani naye alizikwa. Mama hakusadiki. Alingoja habari nyingine, akangoja tena, haikuja. Mwishowe shehe akasema inatosha. Tukasoma hitima, na mama akakaa eda kamili, miezi minne na siku kumi, bila wanja, bila manukato, hatoki uani. Ilipokwisha alioga, akatoka, akaanza kuchuuza mawese. Tangu hapo, kwetu sote, baba alikuwa marehemu.

Mwaka huu ndio tumepata uhuru, mnakumbuka jinsi mji ulivyojaa watu kutoka milimani waliokuja kuiona bendera yenye ngoma katikati. Mmoja wao alikuja kwangu kushonesha shati. Nilipokuwa nampima mabega akawa anasifia kwao, namna mwenyeji anavyosifia kwao akiwa ugenini. Akasema mlimani kwao kuna mzee anayewachongea mivure, yale magogo yaliyochimbwa ya kukamulia ndizi za pombe, lakini ya mzee huyo mbele yamechongoka na yana macho mawili, utafikiri yanataka kwenda mahali. Tena, akasema, pombe yenyewe mzee haonji hata tone.

Nilimwachia kanda ya kupimia shingoni. Macho mawili mbele ni alama ya baba. Rumonge nzima hakuna fundi mwingine aliyeyachonga hivyo, jicho la kushoto kubwa kuliko la kulia.

Nikatuma habari Rumonge kwa mama mmoja muuza samaki. Jibu lilirudi kwa yuleyule, akanipa akiwa amesimama mlangoni na beseni kichwani: "Mama yako anasema hivi. Kama ni yeye kweli, umulete. Lakini umwambie miye nilikwisha kumulilia, na eda nilikala yote. Asikuje kufungua mulango kama mutu mwenye kutoka sokoni."

Hapo ndipo palikuwa na kazi yenyewe. Mama hakukataa wala hakukubali. Kumtafuta mtu aliyekufa nilijua ningeweza, maana miguu ninayo. Kumfikisha ndani ya nyumba ya mama ndiko nilikokuwa sikujui, na kama nisingeweza, ningekuwa nimemtoa mzee wa watu kwenye uhamisho mmoja na kumtia kwenye mwingine, tena huu wa pili mbele ya macho ya majirani zake.

Kupanda Kitega

Baba watoto alinitafutia nafasi kwenye kamio, lori la Bonifasi, Mkongomani wa Baraka, mtu mnene mwenye cheko, anayepeleka chumvi na vitenge juu na kurudi na maharage. Nilikaa mbele. Aliniambia, "Mama, wewe usiwe na wasiwasi, njia haiko muzuri lakini dereva iko muzuri." Kabla ya Muramvya nilijua kwamba sehemu ya kwanza ni kweli.

Tungefika mapema kama Bonifasi angekuwa na uwezo wa kumkatalia mtu. Hana. Kila kilima kulikuwa na kundi linalokwenda kucheza ngoma ya uhuru kwenye kilima kingine, na kila kundi alilipakia. Wengine walishuka kumbe wamepotea, wakapakiwa tena kurudishwa. Kuna bibi mmoja alipanda, akazunguka nasi nusu siku, na tulipomuuliza anakwenda wapi akasema haendi popote, anautazama uhuru. Nilikasirika sana. Baridi ya Muramvya ilikuwa imeniingia mpaka kwenye meno, na kanga zangu zote mbili zilikuwa za joto la kwetu.

Na chakula. Huko juu wanakula maharage meupe, bila tone la mawese. Si mabaya, ila mtoto wa Rumonge akiyatazama anaona kama chakula kimesahau kuvaa.

Kitega tulilala kwa shemeji yake Bonifasi, mama mmoja Mkristo, mkarimu kupita kiasi. Bonifasi akamweleza safari yetu kwa namna yake: tunakwenda kumchukua baba wa huyu mama, walimsomea hitima zamani. Mimi nilikuwa nimechoka, nikaenda kulala. Asubuhi nilipotoka nikakuta ua umejaa majirani wameketi kwenye mikeka, kimya, wengine wameinamisha vichwa. Nikaamkia, wakanijibu kwa huzuni. Mmoja akaniletea uji, akanishika mkono, hakuuachia. Nami nikadhani ndiyo desturi yao na wageni, nikakaa nao nikainamisha kichwa vilevile. Tulikaa hivyo mpaka jua likapanda, hapo mzee mmoja akauliza kwa upole kama gari lina nafasi ya sanduku la maiti.

Nilipowaambia kwamba baba yuko hai walifurahi, lakini niliona baadhi yao wameudhika kidogo. Walikuwa wameacha mashamba yao kuja kunililia.

Cankuzo

Baada ya Ruyigi nchi inakuwa nyasi tupu, upepo na ng'ombe, nyumba mojamoja, kila moja mbali na nyingine. Tulianza kumuulizia mzee wa mivure, na kila tuliyemuuliza alituelekeza mbele kidogo. Mwishowe nikaona mwenyewe. Kwenye ua mmoja kando ya njia palikuwa na mvure mkubwa umeegemezwa kwenye uzio, umechongoka mbele, na macho yake mawili yakinitazama, la kushoto kubwa. Nilimwambia Bonifasi asimamishe gari. Nikashuka, nikaingia uani.

Alikuwa amekaa nyuma ya nyumba, gogo katikati ya miguu, tezo mkononi. Nywele zote zimekuwa nyeupe. Akainua uso akaniamkia kwa Kirundi, "Bwakeye," kama anavyomwamkia mpita njia yeyote.

Nikamwambia, "Baba, ni miye Zaituni."

Aliiweka tezo chini polepole. Alinitazama toka juu mpaka chini, akasema, "Zaituni alikuwa mwembamba."

Nililia nikicheka. Wenzangu, acheni niseme wazi: sijawahi kufurahi vile, hata siku ya harusi yangu, na baba watoto akisoma hapa anisamehe. Bonifasi naye alikuwa anafuta macho kwa kofia.

Lakini furaha ilipotulia nikaanza kuuliza, na majibu yakanichoma. Uhuru walikuwa wameusikia. Chifu wa pale alikwisha kumwambia kwamba hakuna tena anayemzuia, aende atakako. Naye akaendelea kuchonga mivure. Nikamuuliza mbona hukuja.

"Nikuje kwa nani?" akasema. "Nilituma madereva watatu, wane, na salamu zangu. Hakuna jibu. Nikasema basi, wamenisahau, na wenye kusahauliwa haiko vizuri wakuje kusumbua watu."

Hasira ikanipanda. Nikamwambia salamu zake hazikufika hata moja, na kwamba hatukumsahau, tulimzika. Nikamweleza habari ya mchuuzi wa ngozi, hitima, yote. Alisikiliza bila kusogea. Kisha akauliza neno moja tu, kuhusu mama. Nikasema alikaa eda.

"Yote?"

"Yote, baba. Miezi yote na siku kumi zake."

"Hakutoka?"

"Hata msibani kwa dada yake hakutoka."

Kisha akainuka, akaanza kukusanya zana zake, patasi, tezo, randa, akazifunga ndani ya ngozi ya mbuzi. Hakuniambia kwamba amekubali kuondoka. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza kwa maneno matamu ya nyumbani, ziwa, samaki, adhana ya alfajiri, na hakuna hata moja lililohitajika. Kumbe miaka yote ile hakutaka kujua kama ziwa lipo. Alitaka kujua kama kuna mtu aliyemlilia. Hapo nikampa ujumbe wa mama, neno kwa neno, mpaka lile la mlango. Akatikisa kichwa akasema, "Ana haki."

Kushuka

Watu wa mlima ule hawakumwachia kirahisi. Walikuja na maziwa, na mtama kwenye vikapu, na mtungi wa pombe ambao walijua hatakunywa, wakaunywa wenyewe kwa niaba yake. Wazee wakatoa hotuba. Mmoja akasema walipoletewa mtu huyu waliambiwa ni mtu mbaya, wamwangalie, nao wamemwangalia miaka yote hii na hawajaona. Baba akawajibu kwa Kirundi kirefu, mikono miwili mbele, na nikaona ana watu huku pia. Hilo lilinishangaza, na wivu kidogo ulinishika. Niliondoka nikijua kwamba nawanyang'anya watu mzee wao.

Tulipopita Kitega nilitaka tusisimame. Bonifasi akasimama kwa makusudi. Wale wale waliolia wakaja kumtazama maiti akila maharage, akaomba kuongezewa, na kile kinyongo chao kikaisha palepale. Yule mzee wa sanduku alimshika mkono, akampapasa mpaka kwenye kiwiko, akaridhika.

Njiani baba alikuwa anajifunza maneno ya kumwambia mama. Nilimsikia akiyajaribu kwa sauti ya chini, akiyaacha, akianza mengine. Katikati aliniuliza habari za nyumba yetu ya ufukweni, kama ule uzio wa matete upo, kama jua bado linaingia kwa mlango wa nyuma, kama njiwa walibaki. Nikamwambia mvua za mwaka jana zilikuwa kubwa, ziwa limepanda, nyumba ile haipo tena. Akacheka. Akasema ziwa analijua, haliwezi kufika pale.

Sikubishana naye. Mtu akishikilia nyumba yake kichwani miaka yote hiyo, si mimi wa kuibomoa juu ya kamio.

Magara

Tulipita Usumbura usiku bila kulala, tukashika njia ya ufukweni. Kulipokucha na ziwa kutokea chini ya milima, baba alivua kofia, akaiweka magotini.

Magara tulikwama. Mbele daraja lilikuwa limevunjwa na maji ya mvua zile, na watu waliokuwa wanalitengeneza walikuwa wamekwenda, nao, kucheza ngoma ya uhuru. Tukakaa kwa wavuvi. Wakatuletea mukeke mbichi wa asubuhi ile, wakamchoma mbele yetu, na ndagala wakavu waliopikwa kwa mawese mekundu kabisa. Baba alifunga macho alipotia tonge la kwanza. Akala. Akala tena. Nilimwambia baba pole pole, tumbo lako ni la maharage siku hizi. Akaniambia nisimfundishe kula samaki, mimi nilizaliwa yeye akiwa amekwisha maliza samaki wa nusu ya ziwa.

Jioni tumbo lilimjibu. Alikwenda na kurudi, kwenda na kurudi, wavuvi wakimpisha kwa heshima. Bonifasi alicheka mpaka akakaa chini.

Kesho yake tukaona daraja halina dalili, Bonifasi akaacha gari uani kwa rafiki yake, tukapanda boti ya mchuuzi mmoja anayekwenda kununua mawese. Na hapa ndipo siwezi kumficha mzee wangu, hata akinikasirikia. Fundi wa mitumbwi wa Rumonge, mtu ambaye jina lake lilijulikana mpaka Nyanza, alitapika kuanzia tulipoacha ufuko mpaka tulipokaribia kwetu. Alijishikilia pembeni kama mtu wa mlimani anayeonja maji mara ya kwanza. Mwenye boti alimuuliza kwa huruma kama kwao ni Ruyigi.

Alipotulia akainua kichwa, na Rumonge ilikuwa mbele yetu. Michikichi imekuwa mirefu, imefunika pwani yote kwa mistari, mstari baada ya mstari. Na katikati yake palikuwa na pengo. Wazi kabisa, nyasi tupu na mawe ya makaburi. Nilikuwa najua, maana watu walinisimulia: baada ya baba kupelekwa, ofisi ilileta miche mipya, na hakuna mtu hata mmoja wa Rumonge aliyekubali kuishika. Wakalazimishwa, wakatozwa faini, wakachimbishwa barabara. Miche ikakauka ilipowekwa. Mpaka Wabelgiji wenyewe wakachoka.

Baba alihesabu mistari kwa kidole, akafika kwenye pengo, akarudia kuhesabu. Kisha akasimama ndani ya boti, yeye aliyekuwa hoi, akasimama wima mpaka tukagusa mchanga. Sijui niliona nini usoni mwake. Najua nilijisikia mtoto wa mfalme.

Rumonge

Nyumba ya ufukweni haikuwapo, kama nilivyosema. Palipokuwa na uzio wa matete palikuwa na maji, na wanawake wanafulia. Baba alisimama pale muda mfupi, akaingia majini mpaka magotini, akapapasa kwa mguu kama anatafuta kizingiti. Akatoka. Akauliza, "Mama yako anakaa wapi?"

Nikamwonyesha juu, barabarani, nyumba ya matofali yenye bati, aliyoijenga mama kwa mawese yake mwenyewe. Mlango ulikuwa umefungwa. Mji mzima ulikuwa umetoka kumpokea baba, vijana wakipiga dufu, wazee wakimkumbatia na kumfinya kuhakikisha ni nyama, lakini mlango ule haukufunguliwa. Baba hakuusogelea. Akaenda kulala kwa mjomba Hamisi, kaka yake mama.

Mjomba ni mtu wa sheria. Asubuhi akamchukua shehe, wakaenda kwa mama, nami nikawafuata. Shehe akaeleza vizuri, bila ukali: eda ilikaliwa kwa dhana, mume hakufa, mke hakuolewa na mwingine, kwa hiyo ndoa iko palepale na mlango ufunguliwe. Mjomba akaongeza kwamba watu wanatazama.

Mama alikuwa anachuja mawese. Hakuinua macho.

"Ndoa iko palepale, shehe," akasema. "Ni miye siko palepale. Nilimuzika. Nilijenga hii nyumba nikiwa mujane. Sasa munataka aingie kwa sababu hajakufa tu?"

Mjomba akamuuliza anataka nini basi. Mama akasema anataka kuulizwa. Kama Ramazani anamtaka, alete posa kama watu wanavyoposa, naye atafikiri.

Mjomba alitoka akisema dada yake amerukwa na akili. Shehe akatafakari, kisha akasema kuirudia ndoa kwa kuondoa shaka hakukatazwi. Nilitaka kumbusu mkono pale pale.

Baba aliposikia alichekelea kama kijana, akatengeneza kofia yake. Shida ikawa mshenga. Mimi siwezi kwenda kumposea baba kwa mama yangu. Mjomba ni walii wa mama, ndiye wa kumwozesha. Wazee wengine walikuwa wamekwisha gawanyika, nusu wakisema ni aibu. Ndipo Bonifasi akasema, kwetu Baraka mutu mwenye kuleta bwana ndiye anamuombea. Kwa hiyo, wenzangu, baba yangu aliposewa na Mkatoliki wa Kongo, na huo ndio ukweli, msiongeze chui.

Alikwenda na mbuzi. Alikwenda pia na chupa mbili za bia, kwa kuwa kwao posa haianzi mikono mitupu, akaziweka kwa heshima zote kwenye mkeka wa mama yangu anayeswali vipindi vitano. Shangazi zangu walizifunika haraka kwa kanga kama wanafunika mtu aliye uchi. Bonifasi hakuona. Alisimama akatoa hotuba ndefu ya kwao, akamsifu baba kama anayeuza ng'ombe: meno yake iko yote, mikono iko na nguvu, tumbo ndiyo ilisumbua kidogo Magara lakini imepona. Nyuma ya pazia nikasikia mama anacheka. Nilikuwa sijasikia kicheko kile tangu niolewe.

Mahari aliyotaka ni mtumbwi mmoja mkubwa wa kubebea mawese yake mpaka Magara, achonge mwenyewe, na amsafirishe humo mwenyewe. Nadhani alikuwa amekwisha sikia habari ya kutapika. Baba akakubali palepale.

Siku ya ndoa wanaume walikaa barazani, baba kwenye mkeka, kanzu niliyomshonea mimi usiku mmoja. Ndani, mjomba na shehe na mashahidi wawili wakaja kwenye pazia la mama kuuliza ridhaa. Mnajua desturi. Msichana akiulizwa hanyamazi kwa bahati mbaya. Kunyamaza kwake ndilo jibu, na mama alipoolewa mara ya kwanza, akiwa kigoli, alinyamaza, bibi yake akasema amekubali, ikaisha. Lakini mjane hawezi kunyamaza. Mjane lazima aseme kwa kinywa chake.

Shehe akauliza. Kimya. Mjomba, kwa mazoea, akageuka kwenda barazani kusema amekubali.

"Hamisi, rudi," mama akasema. "Sijajibu."

Dufu zikakatika.

"Hii nyumba ni yangu," akasema, na sauti ilikuwa inasikika mpaka barabarani. "Nitaishi humu. Miye sihamishwe na mutu, si ufukweni, si popote. Mumuulize hilo kwanza."

Hakuna aliyehitaji kumuuliza. Baba alijibu kutoka kwenye mkeka wake, bila kuinuka. "Mimi nilihamishwa," akasema. "Sitahamisha mutu."

Niliona mkono wa mama umeshika ukingo wa pazia, rangi ya mawese imo kwenye kucha, haitoki hata kwa hina. Kisha akasema kwa nguvu zake zote, mwanamke aliyengoja tangu usichana kulijibu swali hilo: "Nimemukubali Ramazani. Nimemukubali miye mwenyewe."

Vigelegele vilivyopigwa sina namna ya kuviandika. Bonifasi alipiga honi ya gari ambalo lilikuwa Magara, yaani alipiga kwa mdomo. Shehe alisoma hotuba ya ndoa akitabasamu, na wale waliosema ni aibu ndio waliokula pilau nyingi zaidi.

Baadaye wageni walipopungua, baba alisindikizwa mpaka mlango wa nyumba ya matofali. Ulikuwa wazi. Alifika kizingitini akasita, akashikilia fremu, akapiga hodi kwa sauti ndogo, kama mgeni.

Mama alikuwa amekaa ndani, wanja machoni, manukato yamejaa nyumba.

"Karibu, Ramazani," akamwambia. "Kuanzia leo hapa usipige hodi."

Akavua viatu, akaingia.